Chombo Kwanza, Mashine Baadaye

Samaki wa bahari anapofika Soko Kuu la Chifu Kingalu, hapa Morogoro mjini, ameshachomewa mafuta mara mbili. Ya pili kila mtu anayajua: ni ya gari lililomtoa Bagamoyo likapita Msata na Chalinze. Ya kwanza yalichomwa baharini, usiku, kabla hajaingia wavuni, na hayo ndiyo yanayoamua kama mvuvi atarudi nyumbani na fedha au na deni. Sisi wa milimani tukifika sokoni tunabishana na muuza samaki kana kwamba bei ya nguru kaipanga yeye. Sehemu nzuri ya bei hiyo imepangwa na kitu kinachozunguka chini ya maji, nyuma ya mashua ya mtu tusiyemjua.

Yupo fundi ambaye kazi yake ni kukichagua kitu hicho. Hauzi mashine, hana duka, wala hana kibao barabarani. Ukiwa na mashua ya zamani na unataka kuifunga mashine isiyokufilisi, unaelekezwa kwake, naye anakuja na mfuko wa turubai wenye kisu, kamba ya kupimia, chupa ya lita moja na spana chache. Nimemtazama akifanya kazi ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki, na kila nikimtazama naona nilidharau jambo ambalo halistahili dharau. Nilidhani kuchagua mashine ya boti ni kuuliza bei tu.

Ni Mluguru wa Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, ule ambao mito yake huteremkia Ruvu, na Ruvu huenda kumwagika baharini jirani na Bagamoyo. Watani wake wa pwani hawajachoka kumwuliza: Mluguru na bahari wapi na wapi? Anawajibu kwamba wao bahari wameijulia kwenye maji, yeye ameijulia kwenye mashine. Na mashine aliijulia kijijini, kwenye kinu cha kusaga cha dizeli chenye silinda moja, akiwa kijana wa kumimina mahindi. Hakuruhusiwa kugusa spana. Kazi yake ilikuwa kumimina, na kwa kumimina akajifunza kusikiliza. Mahindi yakiwa machache mashine inakimbia bure na dizeli inapotea; yakizidi, inalalama, sauti inashuka, moshi unakuwa mweusi, na dizeli inapotea vilevile. Katikati pana kiasi ambacho mashine inaimba kwa sauti moja na unga unatoka mfululizo. Baadaye alipita Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi kilichojengwa kwa msaada wa Norway na ambacho leo ni kampasi ya FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Huko alipata majina ya vitu. Sikio alikwenda nalo.

Mashua niliyomkuta akiishughulikia ilikuwa ya kijana mmoja aliyeirithi kwa baba yake. Mita saba na nusu kwenye usawa wa maji, mbao za mkangazi, mataruma yaliyotiwa viraka mara kadhaa, mlingoti mzima bado umesimama. Tajiri, kama mwenye chombo anavyoitwa pwani hata akiwa hana kitu, alikuwa ameshaamua: anataka arobaini. Arobaini ni mashine ya nguvu za farasi 40, na ufukweni ni heshima. Vijana wanaitaja kwa namba tu, na wenye arobaini hupishwa njia.

"Mzee, mimi nataka iruke," alisema.

"Mjomba," fundi akamjibu, "hiki hakijajengwa kiruke. Kimejengwa kipite. Kipandishe kwanza nikione tumbo."

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza, na haujafika kwenye mashine hata kidogo. Chombo kilisubiriwa maji yapwe, kikalazwa ubavu mchangani. Fundi akakizunguka bila kusema, akikwangua kwa kisu hapa na pale. Chini palikuwa na mwani wa kijani na magamba magumu yaliyoganda tangu mwezi uliopita. Akachomeka ncha ya kisu kwenye maungio ya mbao. Sehemu mbili kalafati ilitoka yenyewe, imeoza. Akauliza ndani ya ngama huwa panakumbwa maji kiasi gani usiku mmoja. Akaambiwa ndoo kumi, pengine zaidi. Ndoo kumi za lita 20 ni kilo 200, yaani mabaharia watatu wanaosafirishwa kwenda na kurudi bila kuvua. Akaongeza kwamba mbao zilizolowa nazo ni mzigo. "Haya yote unataka kuyasukuma kwa petroli?" Basi wiki nzima ikaenda kwenye mambo ya zamani kabisa: kuchoma chini kwa makuti, kukwangua, kutia kalafati mpya ya pamba iliyoloweshwa mafuta, kupaka deheni ya shahamu na chokaa. Kijana alikunja uso. Alikuja kununua mwendo, akapewa kazi ya seremala.

Nimeona watu wakinunua mashine mpya ili kusukuma uchafu wa chini ya mashua. Hakuna mashine inayobana matumizi kwenye chombo kichafu, hata ingetengenezwa na nani, na mtengenezaji hatakuambia hivyo kwa sababu yeye chombo chako hajakiona.

Baada ya tumbo, urefu. Alipima kwa kamba kutoka pale maji yanapokata omo hadi pale yanapoachana na tezi. Urefu huo, si urefu wote wa chombo, ndio unaoweka kikomo cha mwendo. Chombo kizito kinachopita ndani ya maji kinavuta wimbi, na kadiri kinavyokwenda kasi ndivyo wimbi linavyorefuka. Linapofikia urefu wa chombo na kuanza kuuzidi, omo inapanda kwenye kilele, tezi inazama kwenye bonde, na kuanzia hapo nguvu yote unayoongeza inakwenda kuchimba bonde. Mwingereza William Froude alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1870 kwa kukokota vielelezo vya meli kwenye birika refu huko Torquay, na hesabu yake bado inatumika. Kwa mita saba na nusu, kikomo ni kama noti 6.6, kilomita 12 kwa saa. Mtu wa baiskeli kwenye lami ya Msamvu, hapa Morogoro, anakupita. Arobaini haitakivusha hapo kwa faida yoyote; itakiinamisha tezi tu, na usiku wa kusi maji yataingilia nyuma.

Froude fundi wetu hamjui. Anachomwonyesha nahodha ni kuangalia nyuma: wimbi la pili likija kukaa chini ya tezi na chombo kikaanza kukaa kitako, punguza mpaka kisimame sawa. Hesabu inamwunga mkono kwa namna ya kushangaza. Nguvu inayotakiwa hupanda karibu kwa mchemraba wa mwendo. Ukishuka kutoka noti 6.5 hadi 5.5, nguvu inabaki kama sita ya kumi ya ile ya mwanzo. Safari ya saa moja inaongezeka dakika 11 hivi, na petroli ya safari nzima inapungua kwa zaidi ya robo. Dakika 11 baharini ni nini? Ni muda wa kusuka ndoano moja vizuri na kuvuta sigara. Na karibu na kikomo gharama hupanda hata zaidi ya mchemraba, kwa hiyo mwenye haraka ya mwisho ndiye anayelipa ghali kuliko wote.

Petroli hii anailipa nani? Katika vyombo vingi vya pwani, samaki wakishauzwa, kitu cha kwanza kutolewa ni matumizi: petroli, oili, barafu, chambo, chakula. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa baina ya tajiri na mabaharia, kila mahali kwa desturi yake, na mara nyingi chombo na mashine navyo vina mafungu yao. Baharia aliyekesha akivuta nyavu analipia petroli iliyopotea, na mashine hakuichagua yeye. Bei ya lita inatangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hakuna wa kubishana nayo. Kinachobaki mikononi mwa mvuvi ni idadi ya lita, na idadi hiyo ameshikiwa na fundi. Ndiyo maana namsifu kuliko wanavyosifiwa mafundi wa magari wanaozungukwa na watu Msamvu.

Kwa chombo kinachokata maji taratibu, kipimo cha kawaida ni nguvu za farasi tatu hadi tano kwa kila tani. Mashua ile ikiwa na watu, nyavu, barafu na samaki wa usiku mzuri ilikadiriwa tani mbili na nusu. Nane zingetosha siku ya shwari. Kumi na mbili siku mbaya. Fundi akataja kumi na tano. Si uoga. Mdomoni mwa mto, mkondo unapokutana na upepo wa kusi, mashine ndogo kupita kiasi inaua watu, na petroli iliyookolewa haiwafufui. Akiba ya nguvu ni ya siku hiyo. Siku nyingine zote mkono wa nahodha unabaki nyuma ya nusu.

Kisha akagonga ubao wa tezi, ule unaokalia mashine, kwa kiungo cha kidole kutoka kona hadi kona. Arobaini ya kuchanganya oili ina kilo zinazozidi 70. Kumi na tano ya aina hiyo ina kama 36. Ubao mkongwe ukibeba kilo 70 zinazotetemeka unalegeza misumari, maungio yanafunguka, maji yanaingia, chombo kinazidi uzito, mashine inafunguliwa zaidi. Mashua nyingi za zamani zimekufa kwa njia hiyo, na wenyewe wakalaumu mbao. Penye sauti ya ubao uliooza, seremala aliambiwa akate na kupachika ubao mpya, akauendeleza kwa magoti mawili hadi kwenye mataruma ili msukumo usambae chomboni badala ya kubaki kwenye misumari minne.

Hapo tu ndipo swali la aina ya mashine lilipokuja. Mashine za nyuma ya boti si za jana: Ole Evinrude alianza kuziuza Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, na Yamaha, ambayo wavuvi wetu wengi wanaijua kuliko nyingine, ilitoa yake ya kwanza mwaka 1960. Mabishano ya leo ni kati ya ile ya kuchanganya, ambayo oili inatiwa ndani ya petroli, na ile ya mipigo minne, yenye oili yake chini kama ya gari. Ya kuchanganya ni nyepesi, ina vipuri kila bandari, na fundi wa kijiji anaifungua kwa spana tatu. Dhambi yake ni kwamba silinda inajazwa mchanganyiko mpya wakati moshi wa zamani bado unatoka, na sehemu ya petroli mbichi inatoka pamoja nao. Kile kiwingu cha bluu na ule mng'ao wa rangi juu ya maji ni fedha ya mgao. Ya mipigo minne inatoa moshi kwanza ndipo inajaza mchanganyiko mpya, na kwa kazi ileile inakula pungufu kwa theluthi hivi. Ikiwa ya kuchanganya inakunywa lita tano kwa saa, hii itakunywa kama tatu na nusu. Chombo kinachowasha saa tatu kwa safari, safari 20 kwa mwezi, kinaokoa lita 90.

Kwenye karatasi mabishano yamekwisha. Ufukweni bado, kwa sababu ya swali ambalo sikulitarajia. "Nani ataibeba mashine usiku," fundi aliuliza, "na atailaza upande gani?"

Mashine haiachwi kwenye chombo, itaibwa. Inafunguliwa, inabebwa begani hadi nyumbani, inalazwa sakafuni. Ya kuchanganya unailaza upendavyo. Ya mipigo minne ina ubavu mmoja wa kulalia, na ukiilaza upande usio wake oili inahamia inakotakiwa isifike, asubuhi inagoma au inatoa moshi kama tanuri. Inataka oili ibadilishwe kwa saa zake, chujio kwa saa zake, na mtu yuleyule anayeijua. Kijana alikiri kwamba nahodha wake hubadilika kila msimu. Fundi akamwandikia ya kuchanganya. Mimi ningechukua ya mipigo minne na kumtafutia nahodha mkataba, maana lita 90 kwa mwezi si mchezo. Lakini mimi si wa kuibeba begani.

Jambo la mwisho kabla ya kwenda dukani lilikuwa mlingoti. Tajiri alitaka ung'olewe apate nafasi ya kreti za barafu. Hapa mzee alikasirika, mara ya pekee niliyomwona hivyo. Umande wa alfajiri unaotoka nchi kavu unakupeleka nje bure. Kaskazi na kusi zinakurudisha kwa zamu miezi mingi ya mwaka. Tanga likijaa huku mashine ikizunguka pole, mashine inabeba nusu ya kazi na petroli inashuka kuliko kwa ufundi wowote wa Wajapani. Na mashine ikizima usiku nje ya mwamba, tanga ndilo la kukurudisha. Mlingoti ukabaki. Ninavyoona, huo ndio uamuzi uliookoa lita nyingi kuliko yote, na haukugharimu hata shilingi.

Mashine ikaja, imeshatumika, kwa bei ya kuelewana. Aliivuta kamba ya kuwashia taratibu, mara kadhaa, macho yamefumbwa, akihisi silinda zote mbili zinazuia kwa nguvu sawa. Akafungua skrubu ya chini ya gia, akaacha tone moja la oili limwangukie kwenye kucha. Lingekuwa jeupe kama maziwa, maji yameshaingia kupitia sili, na biashara ingevunjika hapohapo. Lilikuwa jeusi, safi. Plagi zilikuwa za kahawia. Nyeusi yenye masizi ingesema oili nyingi au kabureta chafu, nyeupe ingesema petroli haifiki vya kutosha na pistoni inaungua.

Kuifunga nako kuna kipimo. Juu ya rafadha pana bapa la bati nene; linatakiwa lilingane na sakafu ya chombo au lizame sentimita chache tu chini yake. Ikiwa juu zaidi, rafadha inavuta hewa, inazunguka bure. Ikiwa chini zaidi, unaburuta mguu wa mashine majini kama nanga na petroli inalipia. Mashine zinauzwa kwa miguu ya urefu tofauti, mfupi wa inchi 15 na mrefu wa inchi 20, na watu wengi hununua uliopo. Huyu alikwenda na kijiti kilichokatwa kwa kipimo cha tezi ya mashua ile. Hata hivyo ulikosekana usawa wa vidole viwili. Seremala akachukua tezo, akaupunguza ubao kwa magamba membamba ya mbao, akipima, akipunguza, akipima, mpaka bapa likakaa.

Na sasa rafadha, ambayo ndiyo roho ya kazi yote na ndiyo inayosahauliwa. Kwenye kitovu chake zimepigwa namba mbili za inchi. Ya kwanza ni upana wa duara. Ya pili ni umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Iliyokuja na mashine ilikuwa 9¼ kwa 9¾, nzuri kwa boti nyepesi ya faiba. Fundi aliitazama akacheka. "Hii ni debe zima la mahindi kwa mara moja."

Tulitoka nayo hivyohivyo ili tajiri asikie mwenyewe. Mashua ilipakiwa magunia ya mchanga kufikia uzito wa kazi, kwa sababu kujaribu chombo kitupu ni kujidanganya. Nahodha akafungua mwisho. Mashine ikanguruma chini, nzito, ikitetema. Fundi akainamisha kichwa namna ileile ambayo nadhani aliinamisha kule Matombo. Ana kijisaa cha kuhesabu mizunguko ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi. Kilisoma 4,300. Mashine ya namna hii inatakiwa ikiwa wazi kabisa ifike kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika; isipofika inasongwa, petroli inaingia nyingi kuliko inavyoweza kuungua, masizi yanajaa, maisha yanafupika. Alikuwa ameshasema imesongwa kabla hajakitazama kijisaa. Nadhani alikifunga kwa ajili yetu.

Tukarudi kwenye maji ya magoti. Pini ikachomolewa, nati ikafunguliwa, rafadha ya 9¼ kwa 8 ikavishwa juu ya shafti iliyopakwa grisi. Upana uleule, lakini kila mzunguko unachukua maji kidogo. Tulipofungua tena sauti ilipanda, ikanyooka, ule mtetemo wa kwenye mbao ukaisha. Kijisaa: 4,900. Mwendo haukupungua hata kidogo, jambo ambalo tajiri alilikataa mpaka alipohesabu muda baina ya maboya mawili.

Ndipo ikatoka chupa ya lita moja. Mpira wa petroli ulihamishwa kutoka tenki hadi kwenye chupa iliyoshikwa wima, na kila mtu akatoa simu yake kuhesabu dakika. Mashine ikiwa wazi kabisa, lita ilikwisha kwa dakika nane na nusu, yaani lita saba kwa saa. Nahodha akapunguza mpaka wimbi la nyuma likaachana na tezi na mashua ikasimama sawa: dakika 12. Lita tano kwa saa. Fundi akachukua kipande cha chaki, akatia alama kwenye mkono wa mashine, pale pale. Kazi ya kawaida ni hapo. Kupita hapo kuwe na sababu yenye mawingu.

Wasomaji wa Ifakara watasema kwao hesabu hii haiko hivi, na ni kweli. Katika Mto Kilombero, wanakovua kambale na perege kwa mitumbwi, pondo na kafi bado vinashinda mashine sehemu nyingi, kwa sababu mchanga uko karibu na rafadha inakatika. Penye kina, wakati wa masika, kanuni ya polepole inageuka. Mkondo ukiwa kilomita nne kwa saa nawe ukapanda kwa nne, utachoma petroli usiku kucha ukiwa mbele ya mti uleule. Hesabu ya mchemraba inasema mwendo wenye nafuu juu ya mkondo ni mara moja na nusu ya kasi ya maji, kwa hiyo sita. Wapiga pondo wa zamani wanayo njia bora kuliko hesabu: wanakwenda ukingoni, upande wa ndani wa kona, ambako maji yamechoka. Fundi nilipomweleza haya aliuliza kina cha ukingo huo ni kiasi gani, akatikisa kichwa, akasema huko angefunga mashine ya mguu mfupi na kuwaachia pondo yao.

Yalibaki mafunzo ya kila siku, na haya aliyatoa harakaharaka, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. Tenki la lita 25 linataka nusu lita ya oili, ipimwe kwa kipimo, si kwa jicho. Ikizidi inachafua, ikipungua inaua. Petroli ipite kwenye chujio lenye kitambaa, kwa sababu maji ya chumvi yanaingia kwenye dumu bila hodi, na uchakachuaji haujaisha hata baada ya EWURA kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Maji ya kupoza yanayochuruzika pembeni yaguswe kwa kiganja kila baada ya kuwasha: ya uvuguvugu sawa, ya kuunguza zima. Kila ukirudi, mashine izungushwe ndani ya pipa la maji baridi itoe chumvi.

Kisha akawapanga mabaharia. Wawili waliozoea kukaa nyuma wakipiga soga na nahodha walihamishiwa mbele ya mlingoti, na kreti za barafu zikasogezwa hatua mbili kuelekea omo. Tezi iliinuka kiasi cha upana wa kiganja. Chupa ikafungwa tena, mkono wa mashine ukiwa kwenye alama ileile ya chaki: dakika zilikuwa zilezile 12, lakini safari hii mashua ilifika boya la pili mapema, na waliohamishwa wakalalamika kwamba mbele kunarusha maji.

Malipo ya fundi yalikuwa madogo kuliko bei ya rafadha. Tajiri alimwuliza, nusu kwa utani, kama arobaini hata kidogo haifai. Inafaa, akajibu, kwa boti za faiba zinazopanda juu ya maji, zile za kupeleka wageni na za kuwahisha samaki mnadani. Huko mwendo wenyewe ndio biashara. Akamtajia hata mahali pa kuiuza ikitokea amerithishwa. Halafu akakunja waya wa kijisaa, akauliza kama kuna mtu anayekwenda Mlingotini mchana ule, kwa sababu kulikuwa na dau lililokuwa limelazwa huko likimsubiri, na maji yalikuwa yameshaanza kujaa.